Nozeli za dizeli zinapovuja: Jinsi ya kuokoa injini na mfuko wako

WENYE matatu na magari ya mizigo yanayotumia dizeli wanaijua vyema hali hii. Gari linakawia kuwaka asubuhi, linatoa moshi na mlio usio wa kawaida, na baada ya siku chache linapelekwa katika karakana ya kampuni iliyoliuza. Jioni mwenyewe anapigiwa simu na kuelezwa kwamba nozeli zote nne zimeharibika na lazima zibadilishwe. Gharama anayotajiwa huweza kuzidi mapato ya gari kwa miezi kadhaa, na huku mkopo wa benki ungali unamsubiri.

Huenda kampuni hiyo inasema kweli. Hata hivyo, mara nyingi chanzo cha matatizo yote hayo ni washa ndogo ya shaba iliyo chini ya nozeli, ambayo bei yake haikaribii hata kidogo bei ya nozeli yenyewe. Atakayeweza kutofautisha mambo haya mawili ni yule tu anayefahamu jinsi mtambo huu unavyofanya kazi.

Katika injini za zamani, pampu ilipeleka mafuta kwa kila nozeli kupitia bomba lake. Injini za kisasa hutumia bomba moja la pamoja linalohifadhi mafuta kwa shinikizo kubwa mno, nazo nozeli hufunguliwa na kufungwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta ya gari. Mtambo wa aina hii ulianza kutumika katika malori ya Hino nchini Japani mnamo 1995, na katika magari madogo mnamo 1997, Alfa Romeo na Mercedes-Benz zikiwa miongoni mwa za kwanza. Shinikizo ndani ya bomba hilo hupita bari 1,000, ilhali tairi la gari dogo huwa na takriban bari mbili pekee. Ndiyo maana kasoro ndogo huleta madhara makubwa.

Uvujaji ni wa aina tatu, na kila aina ina tiba yake.

Aina ya kwanza ni ya gesi. Washa ya shaba huziba nafasi iliyoko baina ya ncha ya nozeli na kichwa cha silinda. Ikichakaa, au ikiwa ilifungwa juu ya uchafu, moto wa silinda hupenya kando yake. Dalili yake ni mlio wa "chu-chu-chu" unaofuata mwendo wa injini, hasa injini ikiwa baridi, pamoja na harufu ya moshi ndani ya gari.

Aina ya pili ni ya mafuta yanayotoka nje, kwa kawaida katika vibomba vyembamba vinavyorudisha mafuta ya ziada kwenye tangi, au katika mipira yake midogo. Hapa utaona unyevu na kunusa dizeli. Marekebisho yake aghalabu ni ya gharama ndogo.

Aina ya tatu hutokea ndani ya nozeli yenyewe. Ikichakaa, hurudisha mafuta mengi kupita kiasi hata shinikizo likakosa kufika kiwango cha kuwasha injini, au hudondosha mafuta ndani ya silinda wakati usiofaa. Injini hukawia kuwaka, hugonga, na hutoa moshi mweupe au mweusi. Aidha, kiwango cha oili huweza kupanda badala ya kushuka, kwa sababu dizeli inaingia ndani yake. Hapa ndipo nozeli hustahili kukarabatiwa au kubadilishwa.

Wengi hupuuza aina ya kwanza kwa kuwa gari bado linakwenda. Hilo ni kosa kubwa. Katika magari ya Mercedes-Benz Sprinter na Vito yenye injini za CDI, gesi hiyo huacha masizi meusi mithili ya lami yanayoganda kuizunguka nozeli. Kadiri yanavyoachwa, ndivyo nozeli inavyokwama, hata kuing'oa kukahitaji vifaa maalumu na saa nyingi za kazi. Mara nyingi ni saa hizo, wala si washa, zinazopandisha gharama.

Katika injini ya lita tatu ya Toyota iitwayo 1KD-FTV, iliyofungwa katika baadhi ya HiAce, Hilux na Prado, hatari ni kubwa zaidi kwa sababu haionekani. Gesi huingia chini ya kifuniko cha valvu na kuchanganyika na oili. Masizi hugeuka matope na kuziba chujio la pampu ya oili lililo chini kabisa ya injini. Taa ya oili inapowaka, injini huwa tayari inakosa ulainisho, na huenda ikaharibika kabisa. Hapa ndipo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inapotimia.

Kabla ya kukubali kubadilisha chochote, mtake fundi afanye vipimo. Maji yenye sabuni yakimwagwa kuizunguka nozeli injini ikiwa inanguruma, mapovu yataonyesha mahali gesi inapotokea, iwapo sehemu hiyo inafikika kwa macho. Vibomba vya kurudisha mafuta vikielekezwa katika chupa nne zinazolingana, nozeli inayojaza chupa yake upesi kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Kompyuta ya kupimia magari nayo huonyesha jinsi injini inavyosahihisha kazi ya kila nozeli. Vipimo hivi huweza kudhihirisha kwamba kasoro iko kwenye nozeli moja, si nne.

Tahadhari: usifungue kamwe bomba la shinikizo kubwa injini ikiwa inanguruma, wala usipapase kwa mkono kutafuta mahali panapovuja. Mchirizi wa dizeli kwa shinikizo hilo hupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, lakini ni la dharura. Aliyejeruhiwa apelekwe hospitalini mara moja.

Kazi ya kubadilisha washa ni rahisi kuieleza, lakini inahitaji uangalifu. Washa huwa mpya kila nozeli inapotolewa. Ile ya zamani haifai kurudishwa. Kikalio cha nozeli husafishwa hadi king'ae, na kikiwa kimeliwa na moto huchongwa upya kwa kifaa chake. Bolti hukazwa kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha injini, na pale kitabu kinapoagiza bolti mpya, huwekwa mpya. Kwa injini zinazotumia namba maalumu zilizoandikwa kwenye nozeli, namba hizo sharti ziingizwe katika kompyuta ya gari kila nozeli mpya inapofungwa.

Iwapo nozeli zenyewe ndizo mbovu, si lazima ununue mpya. Zipo karakana za pampu na nozeli zenye mashine za kupimia. Dai matokeo yaliyochapishwa ya kabla na baada ya ukarabati, na ujihadhari na vipuri ghushi vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia.

Sheria pia iko upande wako. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Mkarabati hutakiwa kukupa makadirio ya gharama kabla ya kukutoza kwa kazi yoyote, na kupata idhini yako. Dai makadirio hayo kwa maandishi, kila kipuri kikitajwa peke yake, na uagize vipuri vilivyotolewa urudishiwe. Karakana inayokataa kukuonyesha nozeli iliyotolewa inakupa sababu ya kutafuta nyingine.

Kinga nayo huanzia kituoni. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulainisho wa kutosha, nayo huzila pampu na nozeli. Uchanganyaji huo ulikithiri hata serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mnamo Septemba 2018. Nunua mafuta katika kituo unachokiamini na uhifadhi risiti. Badilisha chujio la dizeli kwa wakati, mwaga maji yanayokusanyika chini yake, na usirefushe muda wa kubadilisha oili.

Zaidi ya yote, mfundishe dereva kusikiliza. Ndiye anayeliwasha gari alfajiri lingali baridi, na ndiye wa kwanza kusikia ule mlio wa "chu-chu-chu". Akiripoti siku hiyo hiyo, utanunua washa. Akinyamaza kwa kuogopa kukosa mapato ya siku moja, huenda ukanunua injini.