Chembe Nyepesi za Maada ya Giza, na Setilaiti ya Malindi

Aketiye juu ya majabali ya Igogo, Mwanza, usiku usio na mbalamwezi huona karabai za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, wala haoni mtumbwi hata mmoja. Na wanafalaki wa karne iliyopita nao walilazimika kukiri kwamba nyota ni sehemu haba tu ya uzito uliomo ulimwenguni. Fritz Zwicky alilinena hilo mwaka 1933, alipopima mwendo wa galaksi za kundi la Coma, akabaini kuwa zingalikwisha tawanyika zamani, lau kusingalikuwako kitu kisichoonekana cha kuzizuia, ndicho kiitwacho maada ya giza.

Ushahidi mwingine ulianzia pwani yetu, nami nasikitika kwamba habari zake hazisimuliwi kama inavyostahiki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Wataliano walilisimamisha baharini karibu na Malindi, setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za mbinguni, nayo ilidhihirisha kwamba makundi ya galaksi hutoa eksirei kwa wingi. Baadaye ikathibitika kuwa zatoka katika gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, ambayo uzito wa nyota peke yake haumudu kuishika.

Ni kitu gani basi kiishikacho? Nadharia ya supasimetri, ambayo Julius Wess na Bruno Zumino waliieneza mwaka 1974, na ambayo mwaka huohuo Abdus Salam na John Strathdee waliitungia hesabu mpya huko Trieste, yadai kwamba kila chembe inayo mwenziwe asiyepata kuonekana bado, na kwamba aliye mwepesi kuliko wenzi wote aweza kudumu daima pasipo kung'aa. Aghalabu chembe hiyo, nutralino, ilikadiriwa kuwa nzito kama protoni mia na zaidi. Lakini watafiti wa jaribio la DAMA, chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, walipodai kuona ishara ya maada ya giza ipandayo na kushuka kila mwaka, wanazuoni wa Torino walionyesha kwamba hata nutralino yenye uzito wa protoni kumi hivi yawezekana.

Mitambo mingine, iliyo mikubwa zaidi, haikuiona ishara hiyo, wala mtambo wa Geneva, uliotoa chembe ya Higgs mwaka 2012, haujatoa mwenzi yeyote. Mimi sihesabu kazi hiyo kuwa hasara, maana dhana iliyopimwa kwa insafu imewapunguzia wafuatao pa kutafuta. Na kwa kuwa Kigali, tangu 2018, ina taasisi ya Afrika Mashariki ifundishayo fizikia ya chembe, natamani kwa dhati wanafunzi wa Mwanza wawe miongoni mwa hao watafutao.