Jumamosi ya Ulanzi, Ilula

Kabla ya spika na taa za rangi, Jumamosi ya Ilula, mkoani Iringa, ilianzia kwenye mianzi. Mgema huchonga ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, kisha huning'iniza mbeta, kipande cha mwanzi kinachokinga ulanzi, utomvu wa mwanzi, tone kwa tone. Uliogemwa leo ni mtamu, hata mtoto huuonja. Ukilala siku moja au mbili huchachuka wenyewe, bila hamira, na huo ndio uliowakalisha marafiki kilabuni mpaka giza likaingia.

Ni starehe ya msimu. Mvua zikikatika, wanywaji hurudia komoni, pombe ya mahindi.

Barabara ndiyo iliyogeuza usiku wa Ilula. Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia, ambayo mizigo yake ilipitia huko, ilihitaji njia nyingine ya uhakika ya kufikia bandari ya Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikapita hapa. Malori yakaongezeka, na bia ya chupa ikapata njia rahisi. Hata hivyo, msimu ukifika, ulanzi hurudi na madumu yake, povu likichungulia mdomoni, katika mji huu wa matenga ya nyanya.