Gari lililoibwa London laweza kufika kwetu: historia fupi ya ufunguo



Mwaka 2015 polisi wa Uingereza walifuatilia gari aina ya Lexus lililoibwa London. Ndani yake mlikuwa na kifaa kinachoonyesha mahali gari lilipo. Kiliwaongoza kupitia Ufaransa, Oman na bandari ya Mombasa, hadi Uganda. Huko yalikutwa magari mengine zaidi ya 20 yaliyoibwa Uingereza. Njia hiyo ya Mombasa na Uganda ndiyo inayoleta magari yaliyokwisha kutumika hadi mpaka wa Kasindi, kisha Beni na Butembo. Kwa hiyo habari hii inatuhusu.

Zamani mwizi alivunja kioo na kuunganisha nyaya chini ya usukani. Kuanzia 1998 Ulaya ililazimisha magari mapya kuwa na kinga: injini haiwaki mpaka kompyuta itambue chipu iliyo ndani ya ufunguo. Wizi ule wa nyaya ukawa mgumu. Halafu ukaja ufunguo unaokaa mfukoni. Ukikaribia, gari linafunguka lenyewe kwa mawimbi ya redio.

Mwaka 2011 watafiti wa Zurich, Uswisi, walijaribu aina 10 za magari hayo kutoka kwa watengenezaji 8. Yote yalidanganyika. Mtu mmoja anasimama na chombo karibu na ufunguo, mwenzake karibu na gari, na mawimbi yanapitishwa kati yao. Gari linadhani mwenyewe amefika. Halivunjwi kitu.

Udhaifu wa pili ni wa zamani zaidi. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo wa CAN, unaounganisha kompyuta ndogo za gari kwa njia moja ya nyaya. Ulipunguza nyaya nyingi, lakini kompyuta hizo huamini kila ujumbe bila kuuliza umetoka kwa nani. Ni kama nyumba ambamo kila aliyeingia huhesabiwa mtoto wa nyumba.

Magari yalipoanza kuunganishwa na intaneti, mgeni aliweza kuingia kutoka mbali. Mwaka 2015 Wamarekani wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa mbali na Jeep Cherokee iliyokuwa barabarani, waliikata nguvu mbele ya magari mengine. Dereva alikuwa amekubali jaribio hilo. Mtengenezaji aliita magari milioni 1.4 ili yarekebishwe. Gari linalojiendesha lenyewe lina hatari zaidi, maana huenda hamna shofa wa kushika usukani.

Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni namba 155 kuhusu usalama huo. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya linapaswa kuifuata. Lakini kanuni hiyo ni ya magari mapya. Sisi tunapokea yaliyotangulia, na hakuna atakayetuita garaji kuyarekebisha. Ulinzi unabaki mikononi mwetu.

Kabla ya kununua, linganisha namba ya shasi iliyo kwenye chuma na ile ya karatasi za forodha. Zikitofautiana, usitoe pesa. Ufunguo wa mawimbi uweke usiku katika mkebe wa chuma wenye kifuniko, na ujaribu: ukisimama nao karibu na gari, lisifunguke. Kufuli la chuma la usukani bado linasaidia, kwa sababu halidanganywi na redio.

La mwisho ni kwa waliohama. Juni 2024 vita vilipofika Kanyabayonga, familia nyingi ziliondoka na kidogo walichoweza kubeba. Anayeuza gari leo ili alipe kodi ya nyumba Butembo akumbuke kwamba redio yenye skrini huhifadhi majina na namba za simu zilizounganishwa nayo, na ramani yake huhifadhi njia za kwenda nyumbani kwa ndugu. Katika nchi yenye vita, orodha hiyo si mchezo. Mwambie fundi aifute mbele ya macho yako, ndipo utoe ufunguo.