Hifadhi ya Kabanga na Mizani Yake

Mwishoni mwa mwaka 2008, hofu ilipotanda katika nyanda za juu za Kigoma kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilitafutwa na washirikina walioamini kuwa ndimo utajiri ulimo, akina mama walishika njia na watoto wao mpaka Kabanga, wilayani Kasulu, palipokuwa na shule ya msingi iliyozoea kuwapokea watoto wenye ulemavu, wakaomba hifadhi, wakapewa. Ng'ambo ya mpaka, mkabala na Kibondo, watu wa Ruyigi nchini Burundi walikuwa katika msiba huohuo, na Julai 2009 mahakama ya huko ikawatia hatiani baadhi ya waliohusika.

Je, hifadhi ile ilifaa? Dhidi ya panga, naam, na fadhila hiyo si haba. Lakini mwaka huohuo wa 2009 watafiti wa Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu walifika Kabanga, wakawasikiliza wakimbizi hao wa ndani ya nchi yao wenyewe, na ripoti yao ikabainisha kuwa adui mwingine, naye ni jua, huua wengi kuliko wauaji, kwa saratani ya ngozi. Daftari la langoni mwa hifadhi humwandika aliyeingia. Haliandiki kidonda kisichopona sikioni, wala mtoto aliyekaa nyuma darasani asiuone ubao, kwa kuwa macho yake ni dhaifu tangu kuzaliwa. Mambo hayo sharti mtu ayafuate mwenyewe, aketi, aulize, atazame kofia kama ina ukingo mpana na mikono ya shati kama inafika kiganjani.

Kwangu mimi, lililo zito zaidi ni jamaa. Mtoto aliyeletwa angali mchanga, akakua pasipo kuzuriwa na baba wala shangazi, amehifadhiwa mwili, na nasaba yake imekatika. Ndiyo maana Ikponwosa Ero, aliyeizuru Tanzania Julai 2017 akiwa mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu ualbino, alihimiza watoto warejeshwe makwao kwa utaratibu. Hapo utafiti wa uwandani unapaswa kuhama Kabanga na kuwafuata vijijini, kumhoji mtoto mbali na wakubwa wake: nani humsindikiza mtoni, nani humnunulia mafuta ya kukinga jua yale ya kwanza yanapokwisha, na usiku analala chumba kimoja na nani.