Ami yangu, kona ya chumba na sabufa la pembe

Hivi karibuni nilikuwa Pemba, kijijini Ole, kwa ami yangu. Ni seremala aliyestaafu na mpenzi mkubwa wa taarab asilia. Chai sijamaliza, kanivuta chumbani kunionesha kona. "Mwanangu, hapa nataka nisimamishe sabufa la mbao, la pembe. Nisikie besi bila ya kununua mashine kubwa."

Nikacheka. Kwetu mjini sabufa ni boksi la dukani, lina rimoti na taa za rangi. Kumbe mzee alikuwa anaongea historia, mimi ndiye niliyekuwa mshamba.

Turudi 1928. Mwaka huo Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili chini ya chapa ya His Master's Voice, ile yenye mbwa anayesikiliza pembe. Kampuni kubwa za santuri zilikuwa zimeshaanza kurekodi kwa umeme tangu 1925. Lakini aliyenunua sahani akaipeleka nyumbani aliweza kuisikiliza kwa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Sindano, kiwambo kidogo, pembe, basi. Hakuna wati hata moja, na baraza nzima inasikia!

Tusidanganyane, pembe haiongezi nguvu. Inachofanya ni kupunguza hasara. Spika ikiwa wazi inasukuma hewa, na hewa ni nyepesi, inaponyoka pembeni, sawa na mtu anayepiga kasia nje ya maji. Ndiyo maana spika nyingi za nyumbani hugeuza kama asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, au hata pungufu. Nyingine inaishia kuwa joto. Pembe inaibana ile hewa kwenye koo jembamba ili koni ipate kitu cha kusukuma, kisha inaipanua taratibu mpaka mdomoni.

Ugomvi uko kwenye besi. Wimbi la sauti la Hz 40 lina urefu wa mita 8.6 hivi. Pembe yake ikining'inia hewani inataka mdomo wenye kipenyo cha karibu mita 2.7. Nani atakuolea mwanawe ukiwa na kitu hicho sebuleni? Mmarekani Paul Klipsch alilitatua kwa ujanja: aliikunja pembe ndani ya kabati, akaliegemeza kwenye kona, na kuta zenyewe zikawa mwendelezo wa pembe. Alianzisha kampuni yake mjini Hope, Arkansas, mwaka 1946, na spika lake la Klipschorn linauzwa mpaka leo.

Amplifaya za miaka ile zilitoa wati chache, kwa hiyo pembe haikuwa fahari, ilikuwa lazima. Halafu 1954 Edgar Villchur akatoa boksi dogo lililozibwa, AR-1, lenye besi nzito. Lilihitaji nguvu zaidi, lakini ilipokuja transista wati zikawa rahisi, na pembe ikafukuzwa sebuleni. Ikabaki kwenye majumba ya sinema, viwanjani na juu ya minara ya misikiti, ambako sote tunaiita honi.

Wati zilikuwa rahisi kwa nani lakini? Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010 tu. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Ami kakulia kwenye redio ya betri, amezoea kuhesabu nguvu kama mtu anavyohesabu mchele. Hata sasa anataka sabufa lake liende kwa betri ya gari, umeme ukikatika asiikose ngoma.

Basi tukakaa na penseli. Kwenye kona, sakafu na kuta mbili zinapunguza eneo la mdomo mara nane: badala ya karibu mita za mraba 6, linatosha 0.74, pungufu ya nusu ya mlango. Eneo la njia liongezeke mara mbili kila baada ya sentimita 47 hivi. Ukianza na koo la sentimita za mraba 200, njia nzima inafika mita 2.5, ikunjwe ndani ya boksi. Mbao nene, gundi kila kiungo, pasivuje hewa. Ami alikuwa ananisahihisha mahesabu bila hata kuangalia karatasi.

Mtihani ni nyumba. Kuta za vyumba haziendi mpaka juu, besi itapanda ukutani na kumshukia bibi kitandani, na mabati nayo yataitikia. Hilo ami kalipuuza. Asichoweza kulipuuza ni kwamba kona yenyewe, pekee isiyo na mlango wala dirisha, imejaa magunia ya karafuu. Nilipomuuliza shangazi kama yanaweza kuhamishiwa sebuleni, alinitazama tu.

Plaiwudi imeshanunuliwa, imelazwa chini ya kitanda.