Kutoka Mchango hadi Ada: Historia ya Malipo ya Malezi ya Mchana, Korogwe na Tanzania Bara

Katika Kata ya Mashewa, Wilaya ya Korogwe, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Tanga, mtoto mdogo ambaye mama yake ameenda shambani aghalabu huachwa kwa bibi, shangazi au dada mkubwa. Malezi hayo hayana ada, lakini si ya bure: hulipwa kwa kuni, unga na zamu ya kulima. Swali linalojadiliwa hapa ni namna wajibu huo ulivyogeuka, kwa baadhi ya familia, kuwa malipo ya fedha. Hoja kuu ni kwamba dola ilishughulikia zaidi usimamizi wa vituo kuliko gharama ya malezi, na gharama hiyo ikaachiwa mlezi na mzazi wapatane.

Chimbuko mojawapo ni mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ambalo liliifanya Korogwe kuwa eneo la kazi za ujira. Manamba walioandikishwa na SILABU kuanzia mwaka 1944 walifanya kazi kwa kipande: ujira kamili ulipatikana baada ya kukamilisha siku 30 za kazi. Kipande kilihesabu siku ya mfanyakazi. Siku ya aliyebaki na watoto haikuhesabiwa.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, vilivyohimizwa na UWT na maofisa ustawi wa jamii, vilikusudiwa kumpa mama nafasi ya kushiriki uzalishaji wa kijiji. Gharama ilikuwa ya pamoja, nao wazazi wakichangia mahitaji ya uji. Sheria Na. 17 ya 1981 iliweka usajili wa vituo. Hata hivyo, mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza mwaka 1986 yalihamishia gharama nyingi za huduma za jamii kwenye kaya. Mchango ukawa ada.

Tofauti ya maneno hayo mawili si ya jina tu. Mchango ulidaiwa na kijiji. Ada hudaiwa na mlezi mwenyewe. Kwa mlezi anayelea nyumbani kwake watoto wa majirani, kumdai mzazi anayemwita “mwanangu” au “wifi” ni kuhatarisha udugu. Kutomdai ni kubeba gharama ya udugu huo peke yake. Kwa hiyo masharti yanayokubaliwa mapema, yaani siku ya kulipa, saa ya kumchukua mtoto, anayeleta chakula na hatua za kuchukua mtoto akiugua, hulinda uhusiano sawasawa na yanavyolinda kipato. Kalenda nayo ina uzito wake. Mwenye mshahara hulipa mwisho wa mwezi, ilhali mkulima wa mahindi hupata fedha baada ya mavuno. Ada ya kila mwezi humwengua huyu wa pili hata ikiwa ndogo.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 ilichukua nafasi ya ile ya 1981. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada katika elimumsingi ya umma, ikiwamo ya awali, kuanzia Januari 2016, lakini nafuu hiyo haikumfikia mtoto ambaye hajatimiza umri wa darasa la awali. Programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilirejesha suala hilo katika mipango ya nchi.

Kwa kuhitimisha, ada ya malezi ya nyumbani haipaswi kusomwa kama bei ya biashara ndogo pekee. Ni deni la kihistoria lililokuwa la ukoo, kisha la kijiji, na ambalo sasa wanawake wawili hulijadili mlangoni asubuhi, mmoja akiwahi kazini na mwingine akimpokea mtoto.