Taa ya onyo la injini

Taa ya onyo la injini ni taa ndogo katika dashibodi ya gari inayomjulisha dereva kwamba kompyuta ya injini imegundua hitilafu katika mitambo ya uchomaji wa mafuta, uwashaji wa moto au usafishaji wa moshi. Kwa kawaida ina rangi ya njano iliyoiva na umbo la injini inayotazamwa kutoka ubavuni. Katika magari mengine ni maandishi ya Kiingereza, na ndiyo sababu madereva na mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita "chek injini".

Taa hii haisemi ni kifaa gani kimeharibika. Inasema tu kwamba kuna taarifa ya hitilafu iliyohifadhiwa katika kompyuta, nayo inapaswa kusomwa kabla ya kubadilisha kifaa chochote. Hitilafu yenyewe inaweza kuwa ndogo, kama waya uliolegea, au kubwa kiasi cha kuharibu injini.

Historia

Asili ya taa hii ni uchafuzi wa hewa zaidi kuliko ubovu wa injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya California, alionyesha kwamba ukungu mchafu uliowasumbua wakazi wa Los Angeles ulitokana na mivuke ya petroli na gesi za magari na viwanda zilizobadilishwa na mwanga wa jua. Jimbo la California lilianza kuweka masharti ya moshi wa magari, na mwaka 1970 Marekani ilipata Sheria ya Hewa Safi yenye masharti makali kwa nchi nzima. Kuanzia magari ya mwaka 1975, mengi ya yale yaliyouzwa huko yalifungwa kisafisha moshi katika bomba la ekzosi.

Kisafisha moshi hufanya kazi vizuri ikiwa tu kipimo cha hewa na petroli ni sahihi. Kabureta haikuweza kutunza kipimo hicho kwa usahihi unaotakiwa, hivyo kazi hiyo ikahamishiwa kwa kompyuta ndogo na sensa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya General Motors iliweka taa ya aina hii katika magari yake, na California ikayadai magari ya kuanzia mwaka 1988 yawe na mfumo wa kujichunguza.

Tatizo lilikuwa kwamba kila kampuni ilikuwa na soketi yake na misimbo yake, na fundi alihitaji kifaa tofauti kwa kila aina ya gari. Ndipo ulipoletwa mfumo wa pamoja uitwao OBD-II, uliokuwa lazima kwa magari madogo yote yaliyouzwa Marekani kuanzia yale ya mwaka 1996. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kama hilo kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli miaka michache baadaye.

Jinsi inavyofanya kazi

Kompyuta ya injini hupokea habari kutoka kwa sensa nyingi: joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia, mwendo wa kranki, na oksijeni iliyobaki katika moshi. Inalinganisha habari hizo na viwango ilivyopangiwa. Kwa mfano, sensa moja ya oksijeni huwa kabla ya kisafisha moshi na nyingine baada yake. Ikiwa sensa zote mbili zinatoa ishara zinazopanda na kushuka kwa namna ileile, kompyuta hutambua kwamba moshi haubadiliki ukipita katika kisafisha moshi, yaani kimechoka.

Hitilafu nyingi haziwashi taa mara moja. Kompyuta huiona mara ya kwanza na kuiweka kama tuhuma. Ikijirudia katika safari ya pili, taa huwaka na msimbo huhifadhiwa. Pamoja na msimbo hutunzwa hali ya injini wakati ule: mwendo wa gari, joto la maji na mzigo wa injini. Hitilafu isipoonekana tena katika safari 3 zinazofuatana, taa huzimika yenyewe, lakini msimbo hubaki kwa muda, kwa kawaida hadi injini ipate joto na kupoa mara 40 hivi. Kwa hiyo taa iliyozimika si uthibitisho kwamba gari limepona.

Kuwaka mfululizo na kumetameta

Tofauti iliyo muhimu zaidi kwa dereva ni namna taa inavyowaka.

Taa ikiwaka mfululizo, na gari likienda kama kawaida, safari inaweza kuendelea kwa uangalifu, na gari lipimwe mapema. Inafaa kusimama kwanza mahali salama na kuangalia geji ya joto, kiasi cha oili, na kama kuna harufu au sauti isiyo ya kawaida.

Taa ikimetameta, maana yake silinda moja au zaidi inakosa moto kiasi cha kuharibu kisafisha moshi. Petroli isiyoungua huingia katika ekzosi na kuungua humo, na joto linaweza kuyeyusha kauri iliyo ndani. Kauri hiyo ikiziba njia ya moshi, gari hukosa nguvu. Dereva anapaswa kupunguza mafuta mara moja, asipande mlima wala kuvuta mzigo, na asimame na kuzima injini mapema iwezekanavyo. Asiegeshe juu ya majani makavu, kwa kuwa ekzosi yenye joto kali inaweza kuyawasha.

Taa hii isichanganywe na taa nyekundu. Taa nyekundu ya oili, yenye umbo la birika, na ile ya joto la maji humtaka dereva asimame na kuzima injini bila kuchelewa. Kuendesha kilomita chache bila mgandamizo wa oili kunatosha kuua injini. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa bado ya moto, kwa maana maji yanayochemka yanaweza kuruka na kumuunguza mtu.

Misimbo ya hitilafu

Msimbo husomwa kwa kifaa kinachochomekwa katika soketi yenye pini 16, ambayo huwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Msimbo una herufi moja na tarakimu nne. Herufi P ni ya injini na gia, B ni ya bodi, C ni ya chesisi, na U ni ya mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, msimbo ni wa pamoja kwa kampuni zote. Ikiwa 1, kwa kawaida ni wa kampuni yenyewe.

Baadhi ya misimbo inayoonekana mara nyingi ni hii:

- P0128: injini haifikii joto lake kwa wakati, mara nyingi themostati imekwama wazi.
- P0135: kipasha joto cha sensa ya oksijeni ya mbele hakifanyi kazi.
- P0171: hewa ni nyingi kuliko petroli, huenda kuna mpira unaovuja hewa, sensa ya hewa ni chafu, au pampu ya petroli ni dhaifu.
- P0300: silinda mbalimbali zinakosa moto. P0301 ni silinda ya 1, P0302 ni ya 2, na kuendelea.
- P0420: kisafisha moshi hakisafishi inavyopaswa.
- P0455: mvuke wa petroli unavuja kwa wingi, pengine kwa sababu mfuniko wa tangi haukukazwa.

Msimbo ni dalili, si hukumu. P0171 haimaanishi kwamba sensa ya oksijeni imekufa; huenda sensa hiyo ni nzima na inasema kweli. P0301 inaweza kutokana na plagi, koili, nozeli au vali. Njia rahisi ya kupambanua ni kuhamisha koili ya silinda ya 1 kwenda ya 2: msimbo ukigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Jaribio hilo halihitaji kununua kitu, ilhali kubadilisha vifaa kwa kubahatisha humaliza fedha za mwenye gari bila kuondoa tatizo.

Kufuta msimbo

Kifaa cha kusomea kinaweza pia kufuta msimbo na kuzima taa. Kuondoa waya wa betri huleta matokeo kama hayo katika magari mengi. Lakini kufuta si kutengeneza: hitilafu ikiwapo, taa hurudi baada ya safari chache. Zaidi ya hayo, hupotea kumbukumbu ya hali ya injini wakati wa hitilafu, ambayo ingemsaidia fundi. Utaratibu mzuri ni kuandika misimbo yote kwanza, kutengeneza, kufuta, kisha kuendesha gari kwa siku kadhaa na kupima tena.

Katika Afrika Mashariki

Magari mengi ya watu binafsi katika eneo hili hununuliwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku yale ya miaka 15 au zaidi. Hata hivyo, gari huwasili likiwa na plagi, koili na sensa zilizokwisha kutumika kwa miaka.

Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ya pini 16 lakini kompyuta yake haifuati lugha ya OBD-II. Kifaa cha bei nafuu kikishindwa kulisoma gari la namna hiyo, si lazima kompyuta iwe mbovu. Vilevile, ushauri wa kukaza mfuniko wa tangi unahusu zaidi magari ya soko la Marekani. Yale ya Ulaya na Japani huenda yasiwe na kipimo cha mvuke unaovuja.

Kisafisha moshi, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita "masega" kwa kuwa ndani kina vitundu kama sega la nyuki, kina madini ya thamani ya platini, paladi na rodi. Kwa sababu hiyo huibwa, au huondolewa na kuuzwa. Gari lililoondolewa masega hutoa moshi wenye sumu zaidi na taa yake huwaka, mara nyingi kwa msimbo P0420. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikiharibu masega, iliachwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, lakini petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa bado inaweza kuleta kukosa moto.

Wakati wa kununua gari lililotumika

Swichi inapofunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa ya onyo inapaswa kuwaka, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda imeungua au imeondolewa makusudi ili kuficha ubovu.

Kifaa cha kusomea huonyesha pia kama kompyuta imemaliza vipimo vyake vya ndani. Gari lisilo na msimbo wowote, lakini ambalo vipimo vyake vingi havijakamilika, huenda lilifutwa misimbo au kuondolewa betri muda mfupi uliopita. Mnunuzi anashauriwa kuomba kuliendesha zaidi na kulipima tena kabla ya kulipa.